Modeli za Tabianchi na Ushahidi wa Kale: Kwa Nini Hesabu Hazilingani

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa walimu na wanafunzi wa sayansi. Inachapishwa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wapendwa, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunikaribisha.

Swali nililopewa ni fupi, ila jibu lake si fupi. Tunazo modeli za tabianchi, yaani programu kubwa za kompyuta zinazokokotoa mwenendo wa hewa, bahari, barafu na nchi kavu kwa kufuata kanuni za fizikia. Tunao pia ushahidi wa kale uliohifadhiwa katika magamba, miti, matope ya maziwa na barafu. Pande zote mbili hutueleza Dunia ilikuwa na joto kiasi gani miaka 6,000 iliyopita, miaka 20,000 iliyopita, hata miaka milioni 50 iliyopita. Na mara nyingi hazipatani. Kwa nini? Nani anakosea? Na aliyekosea kuhusu jana, tumsikilize vipi anapotueleza habari za kesho?

Wapo wanaojibu haraka. Wengine husema modeli ni ndoto za watu waliojifungia na kompyuta zao, wasiowahi kushika jiwe. Wengine husema magamba na miti ni vitu vya kubahatisha, na kwamba fizikia ndiyo yenye neno la mwisho. Majibu yote mawili ni ya haraka mno. Katika historia ya somo hili, kuna wakati gamba lilipotosha na modeli ikawa na haki. Kuna wakati modeli ilipotosha na gamba likawa na haki. Na kuna wakati, ambao kwangu ndio unaofundisha zaidi, pande zote mbili zilikuwa sahihi ila kila moja ilikuwa ikijibu swali lake.

Tuanze na jambo linalosahaulika mapema. Hakuna aliyepima joto la miaka 6,000 iliyopita. Hakuna. Vipimajoto vya kutosha kupata wastani wa Dunia nzima vinaanza takriban mwaka 1850. Kabla ya hapo tunategemea vitu vilivyoishi au kujengeka wakati ule: pete za ukuaji wa miti, chavua iliyozama ziwani, tabaka za barafu ya Greenland na Antaktiki, masalia ya mafuta ya mwani, magamba ya chokaa ya viumbe wadogo wa baharini. Wataalamu huviita viashiria. Kiashiria hakiandiki nyuzijoto. Huandika kemia, au unene, au idadi, na ni sisi tunaoligeuza andiko hilo kuwa nyuzijoto.

Chukueni oksijeni. Majini mna oksijeni nyepesi yenye uzani wa 16 na oksijeni nzito yenye uzani wa 18. Mwaka 1947 mkemia Harold Urey alionyesha kwamba kiumbe anayejenga gamba lake katika maji baridi huingiza oksijeni nzito nyingi kidogo kuliko anayelijenga katika maji ya joto, na kwa hiyo gamba linaweza kutumika kama kipimajoto. Mwaka 1955 Cesare Emiliani alipima magamba yaliyotolewa katika mashapo ya bahari kuu, akaona mawimbi ya joto na baridi yakifuatana, enzi moja ya barafu baada ya nyingine. Ilikuwa kazi ya kusisimua na inastahili heshima yake hadi leo. Lakini barafu inayorundikana juu ya nchi kavu hutokana na mvuke wenye oksijeni nyepesi zaidi, na kadiri barafu inavyokua ndivyo bahari yenyewe inavyobaki na oksijeni nzito. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kile kilichosomwa kama baridi ya maji ilikuwa ni wingi wa barafu. Vipimo vya Emiliani vilikuwa sawa. Namba zilibaki zile zile. Kilichobadilika ni maana tuliyozipa.

Modeli nayo ina mahali inapoyumba. Huigawa anga katika miraba, mingi yenye upana wa kilomita 100 hivi, na ndani ya kila mraba hukokotoa joto, upepo na unyevu. Wingu dogo kuliko mraba halionekani kwake, kwa hiyo hukadiriwa kwa kanuni iliyotungwa na watu. Isitoshe, modeli lazima iambiwe mambo kadhaa kabla ya kuanza: hewa ukaa ilikuwa kiasi gani, barafu ilifika wapi, ardhi ilifunikwa na mimea gani, volkano zipi zililipuka. Ikipewa mwanzo mbovu, itakokotoa kwa uaminifu wote hadi kwenye jibu bovu.

Sasa niwapeleke Kilwa.

Miaka milioni 50 iliyopita, katika kipindi kinachoitwa Eosini, Dunia ilikuwa na joto kiasi kwamba katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, waliishi jamaa wa mamba. Hewa ukaa ilikuwa nyingi kuliko leo. Kila modeli ilisema kwamba hewa ukaa nyingi hupasha Dunia yote, tropiki zikiwemo. Lakini magamba ya foraminifera, viumbe wa seli moja wanaoelea karibu na uso wa bahari, yalisema vingine. Yale yaliyochimbwa katika sakafu ya bahari kuu za tropiki yalitoa joto la chini ya lile la bahari hizo leo, mengine hata nyuzi 20 na chini yake. Ncha za Dunia zenye mamba, na tropiki zenye ubaridi! Fizikia ilikosa njia ya kulieleza jambo hilo. Baadhi ya watafiti wakaanza kufikiri kwamba modeli zinakosa kitu kikubwa sana, labda mkondo fulani wa bahari wenye nguvu ya kuhamisha joto lote hilo kutoka tropiki hadi kwenye ncha.

Jibu lilitoka kwenye udongo wa mfinyanzi. Katika pwani ya kusini ya Tanzania, maeneo ya Kilwa na Lindi, kuna tabaka za mfinyanzi zilizotuama baharini wakati ule na baadaye kuinuliwa hadi nchi kavu bila kufukiwa kwa kina kirefu. Mfinyanzi haupitishi maji kirahisi. Ukiuosha juu ya chekecheo laini, ukaukausha, ukaumimina kwenye kisahani cheusi chini ya hadubini, utaona magamba madogo kama chembe za mchanga. Mtafiti huyaokota moja moja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa kidogo. Magamba ya Kilwa hung'aa, na mwanga hupenya ukuta wake kama unavyopenya kioo. Yale ya bahari kuu ni meupe na yamefifia, mwanga haupiti. Ndugu zangu, tofauti hiyo inaonekana kwa jicho, kabla mashine yoyote haijawashwa.

Weupe ule ulikuwa na habari. Kule chini ya bahari, kwa mamilioni ya miaka, chokaa ya awali iliyeyuka polepole na chokaa mpya ikajengeka mahali pake, ikichukua oksijeni kutoka maji ya chini ambayo ni baridi. Kiumbe aliishi juu, kwenye jua, lakini gamba lake liliandikwa upya gizani. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vya magamba yaliyohifadhika vizuri, yakiwemo ya Tanzania, na joto la bahari za tropiki likatoka nyuzijoto 28 hadi 32, na pengine zaidi. Tropiki hazikuwahi kuwa na ubaridi. Modeli zilikuwa na haki, na magamba meupe yalikuwa yamepotosha kwa muda mrefu bila mtu kuyashuku vya kutosha.

Je, modeli zilipata ushindi kamili? Hapana. Bado mamba wa Ellesmere walihitaji maelezo, kwa sababu modeli nyingi za wakati huo zilishindwa kuzipasha ncha za Dunia joto la kutosha bila kumiminiwa hewa ukaa ya kupita kiasi. Nitalirudia hilo nitakapofika kwenye mawingu.

Kuhusu enzi ya barafu sitakaa sana, ingawa ni mkasa maarufu katika somo letu. Mradi wa CLIMAP ulichora joto la bahari za miaka kama 20,000 iliyopita, na ramani zake za mwaka 1981 zilionyesha kwamba bahari za tropiki zilipoa kidogo tu, chini ya nyuzijoto 2, na sehemu nyingine hazikupoa kabisa. Lakini katika milima ya tropiki, alama za barafu na za misitu zilionyesha kwamba mpaka wa theluji ulishuka takriban mita 900. Mwaka 1985 David Rind na Dorothy Peteet waliweka mambo hayo mawili mezani pamoja na modeli, wakasema wazi kwamba hayawezi kuwa kweli yote kwa wakati mmoja. Muangalie hapo: kiashiria kimekosana na kiashiria mwenzake, na modeli ndiyo iliyofichua ugomvi. Baadaye matumbawe ya Barbados yalitoa upoaji wa nyuzi 5 hivi, na gesi zilizonaswa katika maji ya chini ya ardhi ya Brazili zikatoa karibu kiasi hicho hicho. Utafiti wa ziwa Rutundu, juu ya Mlima Kenya, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba wakati ule joto lilishuka kwa kasi zaidi kadiri unavyopanda mlima kuliko linavyoshuka leo. Kwa hiyo mlima ulipoa zaidi ya bahari, na huwezi kuchukua baridi ya mlimani ukaishusha moja kwa moja hadi pwani. CLIMAP walikuwa wamepunguza mno, na waliopiga hesabu kutoka milimani walikuwa wameongeza. Leo makadirio ya upoaji wa Dunia nzima katika enzi ile yako kati ya nyuzijoto 5 na 7.

Vipi kuhusu vipindi vifupi, vya mwaka mmoja au miwili? Hapo hukumu huamuliwa na volkano. Mwaka 1257 mlima Samalas, katika kisiwa cha Lombok nchini Indonesia, ulilipuka kwa nguvu ambayo salfa yake imebaki katika barafu ya Greenland na ya Antaktiki pia. Kwa miongo mingi wanasayansi waliiona salfa hiyo bila kujua ilitoka mlima gani, hadi Franck Lavigne na wenzake walipoutambua mwaka 2013. Modeli zilipopewa salfa yote ile, ambayo angani hugeuka kuwa matone ya asidi yanayozuia jua, zilitoa upoaji mkubwa mno, hata kufikia nyuzi 2. Miti ikasema: hapana, ulikuwa mdogo, pengine robo au theluthi ya huo. Mwaka 2012 Michael Mann na wenzake walipendekeza kwamba miti ya maeneo baridi huenda haikuota pete kabisa katika mwaka mbaya kama huo, na hivyo kalenda ya miti ikapoteza mwaka. Wataalamu wa miti walilipinga vikali, na kwa maoni yangu walikuwa na sababu za kutosha, kwa kuwa pete za miti ya maeneo mengi hulinganishwa zenyewe kwa zenyewe mwaka kwa mwaka.

Ukweli uligawanyika pande mbili. Upande wa miti, unene wa pete una kumbukumbu: mti uliokula akiba yake mwaka jana hauoti vizuri mwaka huu hata hali ya hewa ikitengemaa, na hivyo pigo la ghafla husambazwa katika miaka kadhaa na kuonekana dogo. Msongamano wa mbao inayoota mwishoni mwa msimu hauna tatizo hilo kwa kiwango hicho. Upande wa modeli, salfa ilikuwa ikichukuliwa kana kwamba kila tani ya nyongeza huzuia jua kwa kiwango kile kile, wakati katika mlipuko mkubwa matone ya asidi hugongana, huungana, huwa makubwa, huzuia mwanga kidogo kwa uzito wake, na huanguka mapema. Mwaka 2015 Markus Stoffel na wenzake walitumia msongamano wa mbao upande mmoja, na ukubwa halisi wa matone upande wa pili. Pengo likaziba kwa sehemu kubwa, upoaji wa majira ya joto ukiwa karibu nyuzi 1. Hakuna upande ulioshinda. Kila upande ulirekebisha kosa lake.

Sasa nifike kwenye ugomvi ambao bado uko hai, na ambao naomba tuukalie kwa utulivu.

Mwaka 2013 Shaun Marcott na wenzake walikusanya kumbukumbu 73 kutoka pande mbalimbali za Dunia na kuchora joto la miaka 11,300 iliyopita. Mchoro wao ulionyesha kwamba Dunia ilifikia kilele cha joto miaka elfu kadhaa baada ya enzi ya barafu, kisha katika miaka 5,000 iliyofuata ikapoa polepole kwa takriban nyuzijoto 0.7, hadi upashaji wa karne hizi mbili za mwisho ulipoanza. Mwaka uliofuata Zhengyu Liu na wenzake waliziuliza modeli swali lile lile. Modeli tatu tofauti zilijibu kwa sauti moja: hapana, Dunia haikupoa, ilipata joto, taratibu, kwa nyuzi 0.5 hivi. Ndugu wasikilizaji, hapa tofauti haiko kwenye kiasi. Iko kwenye mwelekeo. Mmoja anasema ilishuka, mwingine anasema ilipanda.

Modeli zina hoja. Miaka 8,000 iliyopita bado kulikuwa na mabaki ya barafu kubwa juu ya Amerika ya Kaskazini, na barafu hurudisha mwanga wa jua angani. Barafu ile ilipoyeyuka, Dunia ilitakiwa kupata joto. Hewa ukaa nayo ilipanda kutoka sehemu 260 katika milioni hadi 280 kabla ya enzi ya viwanda. Tunalijua hilo kwa uhakika kwa sababu viputo vya hewa ya wakati ule vimo ndani ya barafu ya Antaktiki na vimepimwa moja kwa moja. Barafu imepungua, hewa ukaa imeongezeka. Sasa upoaji utoke wapi?

Viashiria vina hoja pia, na hoja yao iko angani. Mzunguko wa Dunia kulizunguka Jua si duara kamili, na mhimili wa Dunia hupepesuka polepole. Leo Dunia hulikaribia Jua zaidi mwanzoni mwa Januari, wakati Kizio cha Kaskazini kiko katika majira ya baridi. Miaka 10,000 iliyopita ililikaribia katikati ya mwaka, wakati kaskazini ni majira ya joto. Kwa hiyo majira ya joto ya kaskazini yalipata jua kali zaidi, na majira ya baridi yakapata jua hafifu zaidi, huku jumla ya mwaka ikibadilika kidogo sana.

Mmeliona tatizo linapoingia? Modeli ilitoa wastani wa mwaka mzima. Kiashiria kinatoa nini? Mwani hauchanui mwaka mzima. Mti wa kaskazini hauoti wakati wa theluji. Foraminifera wa aina fulani hustawi miezi fulani, na kuadimika miezi mingine. Iwapo kiumbe aliandika kumbukumbu yake wakati wa majira ya joto tu, basi alichoandika ni kwamba majira ya joto yamepoa kadiri jua la kiangazi lilivyofifia, na hilo ni kweli tupu. Kosa ni letu tunapoisoma sentensi ya kiangazi kana kwamba ni sentensi ya mwaka mzima.

Mwaka 2021 Samantha Bova na wenzake walitafuta namna ya kulipima shaka hilo badala ya kulibishania. Walirudi nyuma hadi kipindi cha joto kilichotangulia enzi ya barafu ya mwisho, kama miaka 125,000 iliyopita, ambapo hewa ukaa na barafu havikubadilika sana lakini jua la majira lilibadilika kwa nguvu. Walihoji hivi: ikiwa kiashiria kinafuata jua la msimu mmoja hata pale ambapo wastani wa mwaka haukuwa na sababu ya kubadilika, basi kiashiria hicho ni cha msimu, na tunaweza kukadiria ni cha msimu upi na kwa kiasi gani. Waliporekebisha kumbukumbu kwa njia hiyo, upoaji ulitoweka na mteremko ukageuka kuwa mpando. Mwaka huo huo Matthew Osman, Jessica Tierney na wenzao waliunganisha viashiria na modeli katika hesabu moja, na wao pia wakapata joto linalopanda polepole.

Wengi walidhani kesi imefungwa. Haikufungwa, na ni vizuri haikufungwa. Hesabu inayounganisha modeli na viashiria hurithi tabia ya modeli yake. Mwamba ngoma huvutia kwake. Kumbukumbu za nchi kavu na za bahari zilizokusanywa na Darrell Kaufman na wenzake mwaka 2020, nyingi mno kuliko zile 73, ziliendelea kuonyesha kilele cha joto takriban miaka 6,500 iliyopita, na si zote zinaweza kuelezwa kwa hoja ya msimu.

Tena kuna jambo ambalo modeli zile hazikuwa zimeambiwa. Wakati ule Sahara ilikuwa na nyasi. Kulikuwa na viboko na mamba mahali ambapo leo ni mchanga, ziwa Chad lilitanda kwa mamia ya maelfu ya kilomita za mraba, na watu walichora ng'ombe wao kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer nchini Aljeria. Mashapo, chavua na michoro vyote vinashuhudia jambo moja. Lakini mpe modeli jua la miaka 6,000 iliyopita, umwachie jangwa kama lilivyo leo, na mvua itakayotoa haitafika kaskazini ya kutosha kuotesha nyasi hizo. Miaka mingi imepita, vizazi kadhaa vya modeli vimepita, na upungufu huo umebaki. Hapa sina shaka kusema modeli ndizo zilizopungukiwa. Ardhi yenye nyasi ni nyeusi kuliko mchanga, hufyonza jua zaidi, hurudisha unyevu hewani, na huzuia vumbi. Ukiinyima modeli nyasi umeinyima sehemu ya mvua, na ukiinyima mvua umeinyima nyasi.

Mwaka 2022 Alexander Thompson na wenzake waliipa modeli mimea ya wakati ule: nyasi za Sahara, misitu ya latitudo za kati, na miti iliyosogea kaskazini hadi maeneo ambayo leo ni tundra, yaani nchi baridi isiyo na miti. Miti mirefu juu ya theluji huifanya nchi kuwa nyeusi pale ambapo ingekuwa nyeupe. Katikati ya kipindi kile kukapata joto, na upoaji wa baadaye ukaonekana ndani ya modeli yenyewe. Mimi binafsi naamini msimu unaeleza sehemu nzuri ya magamba ya baharini, na mimea inaeleza sehemu nzuri ya upungufu wa modeli, na kwamba badiliko halisi la wastani wa Dunia lilikuwa dogo kuliko ilivyodaiwa na yeyote mwanzoni. Lakini hiyo ni imani ya mtu anayesubiri vipimo zaidi, hasa kutoka bahari za kusini ambako kumbukumbu ni chache mno.

Niongeze neno moja kwa wale ambao hulitumia bishano hili kutilia shaka upashaji wa leo. Nyuzi zinazobishaniwa ni nusu nyuzi au zaidi kidogo, zilizosambaa katika miaka 5,000. Dunia imepanda zaidi ya nyuzi 1 tangu mwishoni mwa karne ya 19, na hilo limepimwa kwa vipimajoto, nchi kavu na baharini. Bishano la kale haligusi kipimo hicho hata kidogo.

Nilisema nitayarudia mawingu. Miaka michache iliyopita modeli moja mashuhuri ya Marekani, CESM2, ilitoka ikiwa bora kuliko iliyotangulia karibu katika kila kipimo cha hali ya hewa ya leo. Lakini ilipoulizwa joto litapanda kiasi gani hewa ukaa ikiongezeka maradufu, ilijibu zaidi ya nyuzi 5. Tathmini ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, inaweka makadirio bora kwenye nyuzi 3. Je, modeli hiyo ilikuwa imegundua hatari ambayo wengine hawakuiona, au ilikuwa imekosea? Kwa kutazama hali ya leo tu, hakuna aliyeweza kujua.

Jiang Zhu na wenzake wakaipeleka kwa mashahidi wa kale. Katika Eosini, modeli hiyo ilitoa nchi kavu za tropiki zenye joto la kupita nyuzi 55, joto ambalo majani hayawezi kufanya kazi yake ndani yake, wakati visukuku vinaonyesha misitu ya mvua ikistawi. Katika enzi ya barafu ilitoa upoaji wa zaidi ya nyuzi 11, karibu mara mbili ya ushahidi. Ilipitiliza kwenye joto na ikapitiliza kwenye baridi, na kosa la pande zote mbili lilitoka mahali pamoja: mawingu. Uchunguzi uliofuata uliwafikisha kwenye mistari michache ya programu inayohusu chembe za barafu ndani ya mawingu, ambamo kulikuwa na kikomo cha idadi ya chembe ambacho hakikustahili kuwepo. Kikomo kilipoondolewa na hatua za hesabu za mawingu kufupishwa, modeli ilipoa enzi ya barafu kwa kiasi kinachokaribia ushahidi, na unyeti wake kwa hewa ukaa ukashuka kwa kiasi kikubwa. Na wale mamba wa Ellesmere? Toleo lililotangulia la modeli hiyo hiyo, likiwa na mawingu yanayopungua kuzuia jua kadiri Dunia inavyopata joto, lilikuwa limekwisha kukaribia joto la Eosini kwa hewa ukaa ya mara 3 tu ya ile ya kabla ya viwanda, pasipo mkondo wowote wa ajabu wa bahari.

Muda niliopewa umekwisha. Naona mikono imeanza kuinuliwa kule nyuma, na ningependa tuanze na wanafunzi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.